Kusudi la Maisha na Urafiki na Mungu: Njia ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola



Katika ofisi ya parokia, baada ya Misa ya Dominika, swali linalotufikia mara nyingi kuliko mengine halihusu vyeti vya ubatizo wala tarehe za ndoa. Ni swali la kijana aliyemaliza kidato cha sita na hakupata nafasi ya chuo, la binti aliyehitimu miaka minne iliyopita na bado anakaa kwa wazazi wake, la mama ambaye watoto wake wote wamekwisha kuondoka nyumbani: Padri, hivi mimi niliumbwa kwa ajili ya nini? Wengine huliuliza kwa machozi, wengine kwa mzaha, wakichelea tusije tukawaona wamepungukiwa. Sisi hatuwaoni hivyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki yenyewe inaanzia karibu na hapo hapo, inapofundisha kwamba hamu ya Mungu imo ndani ya moyo wa mwanadamu, kwa kuwa ameumbwa na Mungu na kwa ajili ya Mungu (taz. KKK 27). Anayeuliza swali hilo amekwisha kuguswa.

Shida ni kwamba siku hizi swali hili limepata soko. Tulimfahamu kijana mmoja, akiwa mwaka wa pili katika mafunzo ya ualimu, aliyeambiwa na mhubiri kwamba hatima yake haikuwa darasani bali ng'ambo, na kwamba mlango ungefunguka kwa sadaka maalumu. Aliacha chuo. Baba yake aliuza ng'ombe wawili. Mlango haukufunguka. Alipotujia, hakuwalilia ng'ombe wala chuo. Alisema kwa sauti ya chini kwamba Mungu amemdanganya. Makala hii tumeiandika tukiwa na sura yake machoni, na kwa sababu hiyo tumemchagua kuwa mwalimu wetu mtu ambaye naye alikosea sana kabla ya kujifunza kusikiliza, Mtakatifu Inyasi wa Loyola.

Kukaa naye kwanza

Kabla ya Inyasi, turejee Injili. Mwinjili Marko anasimulia uteuzi wa Mitume Kumi na Wawili kwa mpangilio ambao ni rahisi kuupita haraka: Yesu anawaita wale aliopenda kuwaita, kwanza wawe pamoja naye, na baada ya hapo awatume kuhubiri (taz. Mk 3:13-14). Kukaa kunatangulia kutumwa. Sisi kwa kawaida tunageuza mpangilio huo. Tunamwomba Mungu atupe kazi, mchumba, visa au shirika la kitawa, na tukishakipata kile tulichokiomba tunaona hatuna tena la kuzungumza naye.

Mwinjili Yohane naye anawataja wanafunzi wawili waliomfuata Yesu kutoka kwa Yohane Mbatizaji. Hawakumwuliza atawafanyia nini, bali anaishi wapi. Wakaenda, wakaona, wakashinda kwake siku ile. Mwinjili anakumbuka hata saa: ilikuwa yapata saa kumi (taz. Yoh 1:35-39). Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tunaielewa bila kuhitaji mfafanuzi, ni ule wakati wa alasiri jua linapoanza kupunguza ukali. Mtu hukumbuka saa aliyokutana na mtu aliyebadilisha maisha yake. Hotuba aliyoisikia siku hiyo anaweza kuisahau yote.

Wapo Wakatoliki wanaosita wanaposikia maneno "uhusiano binafsi na Yesu", wakidhani kwamba ni msamiati wa walokole. Si hivyo. Papa Benedikto XVI alifungua waraka wake Deus Caritas Est wa mwaka 2005 kwa kufundisha kwamba Ukristo hauanzi na uamuzi wa kimaadili wala wazo kubwa, bali na kukutana na Nafsi. Papa Fransisko, katika Evangelii Gaudium ya mwaka 2013, alimwalika kila Mkristo, popote alipo, aanze upya siku hiyo hiyo kukutana na Yesu ana kwa ana. Ila neno "binafsi" lisichanganywe na "peke yangu". Urafiki huu tumeupokea katika Ubatizo, tunalishwa nao katika Ekaristi, na unapovunjika tunaurudia katika Kitubio. Yote hayo hutolewa na mikono ya wengine. Hakuna aliyejibatiza.

Askari aliyevunjika mguu

Inyasi alizaliwa mwaka 1491 katika nyumba ya kikabaila ya Loyola, katika nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania, mtoto wa mwisho wa familia kubwa. Alilelewa kwa ajili ya ikulu na silaha. Tarehe 20 Mei 1521, Wafaransa walipoishambulia ngome ya Pamplona, tufe la mzinga lilimvunja mguu wa kulia na kuujeruhi wa kushoto. Mifupa iliunga vibaya, kikachomoza kipande chini ya goti. Kwa kuwa kipande hicho kingemzuia kuvaa viatu virefu vya kubana vilivyokuwa fahari ya vijana wa daraja lake, aliamuru kikatwe kwa msumeno. Enzi ile hapakuwa na ganzi. Alivumilia bila kupiga kelele, kwa ajili ya viatu.

Tunalisema jambo hili kwa makusudi. Watu hudhani watakatifu walianza wakiwa na nia safi, ilhali huyu alianza akiwa na ujasiri mkubwa uliotumika katika jambo dogo mno.

Wakati wa kuuguza mguu aliomba vitabu vya mashujaa na mapenzi, havikupatikana nyumbani. Akapewa vilivyokuwepo, maisha ya Kristo yaliyoandikwa na Ludolf wa Saksonia na mkusanyiko wa habari za watakatifu. Akawa anasoma kidogo, kisha anaota ndoto za mchana. Mara aliota juu ya bibi mmoja wa ukoo wa juu sana, maneno atakayomwambia, vita atakavyopigana kwa heshima yake, akakaa katika ndoto hizo saa nyingi. Mara nyingine alijiuliza ingekuwaje kama angefanya yale aliyoyafanya Fransisko wa Asizi au Dominiko, kwenda Yerusalemu pekupeku, kuishi kwa mboga za majani. Ndoto zote mbili zilimpendeza wakati alipozikalia. Siku moja, kwa maelezo yake mwenyewe aliyoyatoa uzeeni, macho yake yalifumbuka kidogo akaona tofauti: ndoto za kwanza zikishapita zilimwacha mkavu na bila ridhaa, za pili zikishapita zilimwacha na furaha iliyobaki.

Hakusikia sauti wala hakuahidiwa hatima yoyote. Aliangalia tu kile kilichobaki moyoni baada ya wazo kuondoka, na juu ya uchunguzi huo mdogo yamejengwa mafundisho yote ya Mazoezi ya Kiroho.

Hakukomaa papo hapo. Akiwa njiani kwenda Montserrat mwaka 1522 alibishana na msafiri Mwislamu juu ya ubikira wa Bikira Maria. Yule akatangulia, Inyasi akabaki akiwaza kama heshima ya Mama wa Mungu haimdai amfuate amchome kisu. Aliposhindwa kuamua, alimwachia nyumbu wake hatamu: akifuata njia ya kijiji alikoelekea yule mtu, atamchoma, akifuata barabara kuu, atamwacha. Nyumbu, kwa rehema ya Mungu, alifuata barabara kuu. Inyasi mwenyewe ndiye aliyelisimulia tukio hilo baadaye, ili watu wajue nafsi yake ilikuwa bado kipofu kiasi gani. Nasi tunalisimulia kwa sababu nyumbu huyo bado yumo miongoni mwetu. Tunamtumia tunapofungua Biblia popote pale na kuufanya mstari wa kwanza kuwa agizo, au tunapomwambia Mungu kwamba akinyesha mvua kesho ndiyo ishara tuoe.

Huko Montserrat aliuacha upanga wake mbele ya Bikira Maria, akashuka hadi Manresa, akakaa karibu mwaka mzima. Kulikuwa na mwanga mkubwa, hasa kando ya mto Cardoner. Kulikuwa pia na giza: aliungama dhambi zile zile tena na tena bila kupata amani, hadi akashawishika kujiua. Ni vyema wasomaji wetu wanaopitia giza la namna hiyo wajue kwamba mtakatifu huyu aliyaona, akayasema waziwazi kwa wengine, na akapona.

Kusudi lililobadilika mara nne

Akiwa na uhakika kwamba Mungu anamtaka Yerusalemu, alifika huko mwaka 1523. Mkuu wa Wafransisko waliotunza mahali patakatifu alimkataza kubaki. Inyasi alikuwa ameweka maisha yake yote juu ya jambo hilo moja, na sasa mamlaka halali ya Kanisa yanamwambia ageuke arudi. Akatii. Huko Barcelona, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 30, aliketi na watoto kujifunza Kilatini, akitafuta namna ya kuzisaidia roho za watu. Akasoma Alcalá na Salamanca, akatiliwa shaka na kuwekwa kizuizini, akafika chuo kikuu cha Paris mwaka 1528. Tarehe 15 Agosti 1534, pale Montmartre, yeye na wenzake sita waliweka nadhiri; walikusudia kwenda Yerusalemu, na ikishindikana wajiweke mikononi mwa Baba Mtakatifu. Ikashindikana, maana vita kati ya Venisi na Waturuki ilizuia meli za mahujaji. Papa Paulo III akalithibitisha Shirika la Yesu tarehe 27 Septemba 1540. Mtu aliyetaka kutembea pekupeku Palestina alimaliza miaka yake yote iliyobaki Roma, mezani, akiongoza shirika kwa barua. Zimehifadhiwa barua zake karibu 7,000.

Hapo ndipo tunapotofautiana na wauzaji wa hatima. Wanaliona kusudi la maisha kama kituo kilichofichwa: ukikikosa umeangamia, na wao ndio wenye ramani. Inyasi alikosa kituo baada ya kituo na hakuangamia, kwa sababu alichokuwa amekishika hakikuwa Yerusalemu bali Yule aliyemtafuta huko. Mahali palibadilika, kazi ikabadilika, hata mavazi yakabadilika. Urafiki ndio uliobaki, na kila mlango ulipofungwa aliweza kuuliza upya bila kuona kwamba amedanganywa.

Mwenzake Fransisko Ksaveri anatuletea jambo hilo hadi pwani yetu. Hakuwa amechaguliwa kwenda India. Aliyechaguliwa, Nicolás Bobadilla, aliugua mwaka 1540 karibu na siku ya kuondoka, naye Ksaveri akashika nafasi yake kwa taarifa ya muda mfupi sana. Safari hiyo ilipitia Msumbiji na, mwaka 1542, ikatia nanga Malindi. Katika barua yake anaeleza jinsi kiongozi mmoja Mwislamu wa mji alivyomwuliza kama huko Ulaya Wakristo bado wanakwenda kusali makanisani, kwani pale kwao misikiti mingi ilikuwa imepungukiwa na waumini, na jambo hilo lilimsumbua. Wageni wawili wa dini tofauti, kwenye ufuko wa Bahari ya Hindi, wakiulizana kwa nini watu wanamwacha Mungu! Msimamizi wa kimisionari wa nusu ya dunia alifika huko kwa sababu rafiki yake alikuwa na homa.

Faraja na ukiwa

Mazoezi ya Kiroho, yaliyoidhinishwa na Kanisa mwaka 1548, si kitabu cha kusomwa kama riwaya. Ni mwongozo kwa anayetoa mafungo na anayeyafanya. Mwanzoni kabisa umewekwa msingi: mwanadamu ameumbwa amsifu Mungu, amheshimu na kumtumikia, na kwa njia hiyo aokoe roho yake. Vitu vingine vyote vimeumbwa vimsaidie kulifikia lengo hilo, avitumie kadiri vinavyomsaidia na aviache kadiri vinavyomzuia. Kutokana na hayo Inyasi anadai uhuru wa ndani, yaani mtu asijifunge mapema kwa afya dhidi ya maradhi, kwa utajiri dhidi ya umaskini, kwa maisha marefu dhidi ya mafupi.

Tukiri kwamba maneno hayo ni magumu kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba. Hayamaanishi kwamba kuugua na kuwa mzima ni mamoja, wala kwamba mzazi asimtafutie mtoto wake dawa. Yanamaanisha kwamba kabla ya kumwuliza Mungu kama niolewe au niingie utawani, lazima niwe tayari kulipokea jibu lolote kati ya hayo mawili. Yule kijana tajiri katika Injili aliuliza swali zuri kuliko wote, akaondoka na huzuni, kwa kuwa jibu moja alikuwa amekwisha kulikataa kabla hajauliza (taz. Mk 10:17-22).

Mtu anapokuwa anaendelea kwa uaminifu katika njia ya Mungu, Inyasi anamfundisha atambue hali mbili. Faraja ni ule wakati imani, matumaini na mapendo vinapoongezeka, moyo unapowaka au unapotulia kwa amani mbele ya Muumba wake. Hata machozi ya toba yanaweza kuwa faraja. Ukiwa ni kinyume chake: giza, fadhaa, uvivu wa sala, kuvutwa kuelekea mambo duni, kujiona umetengwa na Bwana. Faraja si raha, na ukiwa si kila maumivu. Msiba unaweza kubebwa kwa faraja, na sherehe ya harusi inaweza kuwa na ukiwa mkubwa ndani yake. Tena ukiwa wa kiroho usichanganywe na ugonjwa wa sonona. Asiyelala wiki kadhaa, asiyekula, anayewaza kufa, tunamsindikiza hospitali, na tunaendelea kusali naye.

Kati ya kanuni zote alizoziandika, moja imetusaidia zaidi: wakati wa ukiwa usibadilishe uamuzi ulioufanya ulipokuwa na amani. Tukiwa mwaka wa pili wa taalimungu katika seminari kuu, miezi michache baada ya kufiwa na mzazi, tulifunga sanduku letu usiku mmoja tukiwa tumejiridhisha kwamba upadri ulikuwa kosa. Asubuhi tulikwenda kumwaga baba wa kiroho. Hakubishana nasi. Aliuliza moyo wetu ulikuwaje siku tuliyoamua kuja, na ukoje leo. Tukamjibu. Akasema, "Basi subiri mpaka moyo ufanane na ule wa kwanza, halafu ukitaka kuondoka nitakubebea sanduku hadi stendi." Hakusema tubaki. Ilichukua miezi mitano, na mwisho wake sanduku lenyewe tulilifungua kutafuta soksi.

Namna ya kuchagua

Inyasi anaweka mipaka kwanza. Uchaguzi unafanywa kati ya mambo yaliyo mema au yasiyo na ubaya. Hakuna haja ya kupambanua kama nitoe rushwa. Na mambo yasiyotanguka, kama ndoa halali na upadri, hayafunguliwi upya kila mtu anapochoka. Aliyeingia vibaya anaitwa aishi vizuri pale alipo. Kwa wanandoa wengi wanaotujia wakisema huenda "Mungu alikusudia mwingine", hili ndilo jibu, ingawa si jepesi. Kwa anayepigwa au kuhatarishwa nyumbani mwake, Kanisa linaruhusu kutengana, naye asibakizwe katika hatari kwa jina la wito.

Kisha anataja nyakati tatu. Ya kwanza, Mungu anavuta moyo kiasi kwamba shaka haipo, kama ilivyokuwa kwa Paulo na Mathayo. Ni nadra, na anayeidai kila wiki tunamtilia mashaka. Ya pili ni kupima faraja na ukiwa kwa muda mrefu, kama alivyofanya yeye kitandani. Ya tatu ni wakati wa utulivu, moyo hausukumwi huku wala kule, mtu anatumia akili aliyopewa: anaandika faida na hasara za kila upande, anasali juu yake, anaamua, kisha anampelekea Mungu uamuzi huo ili authibitishe. Wasomaji wengine hushangaa kusikia kwamba karatasi yenye safu mbili inaweza kuwa sala. Akili nayo ni zawadi yake.

Anaongeza misaada ambayo tumeona ikifanya kazi hata kwa watu ambao hawajui kusoma. Mfikirie mtu usiyemjua kabisa, mwenye tatizo kama lako, unayemtakia mema yote, ungemshauri nini? Fanya hivyo hivyo. Jifikirie ukiwa katika saa ya kufa. Ungependa uwe umechagua nini? Mzee mmoja katika kigango chetu, aliyekuwa akigombana na ndugu zake juu ya shamba la kahawa, alipoulizwa swali hili la pili alikaa kimya muda mrefu, kisha akaomba tumwitie kaka yake.

Kuna agizo lingine, tena kwa anayeongoza mafungo, ambalo tungependa kila mwenye huduma alisome akiwa amepiga magoti. Asimsukume mtu kuelekea nadhiri au ndoa, umaskini au mali. Akae katikati kama ulimi wa mizani, amwache Muumba ashughulike mwenyewe na kiumbe wake. Kwa hiyo hata padri, hata askofu, hana haki ya kukuchagulia maisha. Anaweza kukufundisha Kanisa linasema nini, kukuonya unapojidanganya, kukuuliza maswali, kukuombea. Akikuambia kwamba Mungu amemfunulia mume wako ni nani au nchi utakayoishi, na hasa akitaja kiasi cha fedha, ondoka. Wazazi nao walizingatie hili. Tumewaona mabinti walioingia utawani ili mama apate heshima jumuiyani, na vijana waliozuiwa seminari kwa sababu baba alihitaji mjukuu.

Robo saa ya jioni

Aliyekwisha kuchagua bado anahitaji kumsikiliza rafiki yake kila siku. Kwa ajili hiyo Inyasi aliacha zoezi fupi la kutafiti dhamiri, na aliwataka wenzake wasiliache hata kazi zikizidi. Mtu anamshukuru Mungu kwa mema ya siku, kwa majina yake. Anaomba mwanga. Anaipitia siku saa kwa saa akiangalia alikopata uhai na alikokauka. Anaomba msamaha, kisha anaitazama kesho pamoja na Bwana. Robo saa inatosha. Wengi wetu hufanya hatua ya nne tu, tena kwa hofu, na kwa sababu hiyo tunachoka; shukrani imewekwa mwanzo kwa makusudi.

Mama mmoja mjane anayekaanga vitumbua karibu na stendi aliwahi kutuambia kwamba yeye hana wito, wito ni wa masista. Tulimweleza mafundisho ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya wito wa wote kwa utakatifu, uliomo katika sura ya tano ya Lumen Gentium, akasikiliza kwa adabu. Kilichomgusa ni zoezi hili. Hulifanya alfajiri badala ya jioni, moto unapokuwa unashika, kwa kuwa jioni usingizi humshinda. Baada ya kipindi fulani alituambia kwamba ameona anapata amani zaidi anapowapa vitumbua watoto wanaokwenda shule bila kula, na kwamba hukauka siku nzima anapomsema jirani yake mwuza chai. Akauliza kama huo ndio wito. Tulimwambia aendelee kuangalia. Sasa yeye ndiye anayewafundisha wanajumuiya wenzake zoezi hilo, na anawafundisha vizuri kuliko sisi, kwa kuwa hatumii neno "kupambanua" hata mara moja.

Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa nchi za AMECEA walizifanya kipaumbele cha kichungaji miaka ya 1970, ndizo mahali pa kawaida pa kuyajaribu haya. Neno la Mungu husomwa, watu hunyamaza, kisha kila mmoja husema lililomgusa. Tatizo letu ni kunyamaza. Mara nyingi tangazo la michango huanza kabla kimya hakijafika dakika moja.

Kwa anayetaka kuanza, hahitaji siku 30 za mafungo kamili wala safari ya mbali. Achague saa moja isiyobadilika na mahali pamoja. Achukue kifungu cha Injili ya siku. Amwambie Bwana anachokitaka, kisha anyamaze amsikilize. Amtafute paroko, mtawa au mlei mwenye busara na mazoea ya sala wa kuongea naye kila mwezi. Aanze na Kitubio. Asifanye uamuzi wowote mkubwa katika wiki za kwanza, kwa kuwa mwanzo una mchanganyiko wa shauku na uchovu.

Yule kijana wa ualimu amerudi. Hakurudi chuoni, walau bado. Anamsaidia baba yake shambani, na ng'ombe mmoja amenunuliwa. Kila Alhamisi, Ekaristi inapowekwa wazi kwa ajili ya kuabudiwa, huja akakaa benchi la mwisho, karibu na mlango, kuanzia saa kumi hadi kengele ya jioni. Hajatuambia anazungumza nini huko, nasi hatujamwuliza.